Nyinyi wa atachimenti mnaohesabu samaki, hebu kaeni hapa kidogo

Nimewavumilia wiki nzima lakini leo lazima niseme. Mtu anajitupa kutoka botini kama gunia la mahindi, anapiga finzi zake za miguuni mpaka chini, anavuta tepu ya kupimia, halafu anashangaa mbona sileti yake, kile kibao cha kuandikia majini, haina chewa hata mmoja. Chewa alikusikia ukiwa bado juu unatafuta miwani.

1. Mapovu. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi maji yakitikisika, na masikio anayo pia, ndani ya kichwa, kwa hivyo reguleta yako, hiyo ya kupumulia mdomoni, kwake ni fujo. Kule kisiwa cha Guam walilinganisha wazamiaji wa silinda za kawaida na wale wa mashine zisizotoa mapovu, na sehemu zinazovuliwa kwa bunduki wale wasio na mapovu waliona samaki wengi zaidi. Sisi mashine hizo hatuna na bei yake msiniulize. Pumua taratibu, ukifika chini tulia kwanza.

2. Hesabu huku tepu inalazwa nyuma yako, usilaze kwanza ndo urudi kuhesabu.

3. Wanaokukimbia na wanaokufuata. Hapa niseme tu mwenyewe maana wale wa botini watawaambia hata nikinyamaza. Msimu wangu wa kwanza nilipewa transekti, yaani vipande vya kuhesabia samaki, za ndani ya hifadhi ya bahari Watamu na za nje wanakovua, zile zetu za mita 50 kwa 5. Ndani nikakuta raha. Napiga finzi chini chini, natimua mchanga, mkundaji wanakuja, changu wanakuja, mi nadhani utajiri wa hifadhi ndo huu, naandika, nasogea, nageuka kidogo, hee wengine tena hawa, naandika. Kumbe ni walewale! Mkundaji kazi yake ni kufukua mchanga kwa ndevu zake atafute vidudu, sasa akipata mtu wa kumfukulia bure atamwachaje? Nimeburuta kundi moja kutoka mwanzo wa tepu mpaka mwisho na kulihesabu kila nilipogeuza shingo. Nje ikawa kinyume, pale samaki anawindwa na anamjua mtu vizuri, chewa anaingia pangoni kabla hujamfikia, changu anabaki kule macho yanapoishia, na mi naandika sifuri, sifuri, sifuri bila wasiwasi wowote. Weka hizo hesabu mbili pamoja, hifadhi inakuwa pepo na nje jangwa. Grafu ikapendeza wallahi. Ikapelekwa mkutanoni mbele ya wavuvi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufukwe, na mimi ndo nimesimama kueleza, shati limepigwa pasi, na mzee mmoja wa madema akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao changu uliwaona mbele yako au nyuma yako?" Nikaanza kumjibu kwa maneno makubwa ya chuo. Akarudia swali lilelile, vilevile. Ukumbi ukacheka, na mi nikacheka huku masikio yanawaka. Karatasi zote zikatupwa, hela ya mafuta ya boti ikabidi iombwe upya, na aliyeiomba ni supavaiza wangu, kwa barua yenye jina langu ndani.

Na hifadhi kweli ina samaki wengi, imelindwa tangu 1968, hilo halina ubishi. Mi niliitia chumvi tu bila kujua. Anayetokea nyuma yako hahesabiwi.

4. Msidhani samaki anaona "mtu" tu. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa kisiwa cha Corsica, kina cha mita 8, mzamiaji alikuwa anawalisha samaki wa baharini kabisa, si wa tangi, mpaka wakajifunza kumfuata yeye na kumwacha mwenzake asiyewapa kitu. Waliwatofautisha kwa rangi za mavazi, maana wote wawili walipovaa sawasawa samaki wakachanganyikiwa. Sasa wewe mwenye finzi za njano unayekuja na mkate mfukoni kuwafurahisha wageni wa boti halafu kesho yake unahesabu mwamba uleule, unahesabu nini hasa? Wateja wako? Mavazi meusi, wote, na mkate mtakula wenyewe na chai.

5. Woga wao haudumu, ujasiri nao haudumu. Kule visiwa vya Vanuatu vijiji vingine hufunga mwamba kwa muda, samaki wanasahau kuogopa, siku ukifunguliwa wanavuliwa kirahisi mno. Kwa hivyo ukiandika sileti andika na pembeni hapo wanavua au hawavui, na kwa kitu gani. Hiyo safu mnayoiacha wazi kila siku ndo hiyo.

6. Kikande mkubwa, yule mwenye kama masharubu. Akiwa na mayai anakuja mbio, na eneo analolilinda linapanuka kadiri linavyopanda, kwa hivyo ukikimbilia juu bado uko kwake. Toka kwa ubavu, finzi ziwe upande wake. Kuna mmoja wenu leo ameng'atwa finzi na bado anabisha kwamba alikuwa papa. Finzi ninayo mimi, anayetaka kuona alama za meno aje.