Mawimbi kidato cha nne hadi cha sita: kabla ya kugusa fomula, jua nani anaamua nini

Mdogo wangu uliyeuliza kwa nini mwalimu alikukosesha ulipoandika kwamba frikwensi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ikiongezeka mara mbili basi na kasi ya wimbi inaongezeka mara mbili, "kwa sababu v = fλ", yaani kasi ni frikwensi mara urefu wa wimbi: mwalimu yuko sahihi, ila naelewa ulikotokea. Nimefundisha fizikia sekondari huku Tanga na bado nina vijana wa tuisheni jioni, na hilo jibu nakutana nalo kila mwaka. Wanaonaswa zaidi ni wale wazuri wa hesabu. Wanaiona v iko peke yake upande wa kushoto, wanahitimisha kwamba hao wawili wa kulia ndio wanaoiamua.

Weka fomula pembeni kwanza. Frikwensi inaamuliwa na chanzo, yaani kile kinachotikisa. Kasi inaamuliwa na kile wimbi linamopita: kamba, maji, hewa, kioo. Urefu wa wimbi hauna mamlaka yoyote. Ni matokeo ya hao wawili kukutana. Kwa hiyo kichwani mwako iandike hivi: λ = v/f. Hesabu ni ileile, lakini sasa inasema kinachotokea kweli. Chanzo kikitikisa haraka mara mbili na kamba ni ileile, kasi haiguswi, urefu wa wimbi unapungua nusu.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta kamba ya katani ndefu, ya mita nne tano hivi, funga ncha moja kwenye nondo za dirisha. Katikati ya kamba funga uzi mwekundu. Vuta kamba ikaze kiasi, kisha itikise mara moja tu juu na chini. Nundu inaondoka mkononi mwako inakwenda dirishani, lakini uzi mwekundu haujaenda popote. Umepanda, umeshuka, umetulia palepale. Hapo umeona kwa macho kile vitabu vinachokiita kusafirisha nishati bila kusafirisha maada. Sasa tikisa mfululizo, polepole, halafu haraka. Nundu zinasogeleana, zinajaa nyingi kwenye kamba ileile, lakini hakuna inayowahi kufika kuliko ya mwanzo. Ukitaka iwahi, rudi nyuma hatua moja ukaze kamba. Mvutano umeongezeka, kasi imeongezeka, na mkono wako unaweza kutikisa vilevile kama mwanzo.

Na kabla hujaifungua kamba, angalia nundu inaporudi kutoka dirishani. Imepinduka! Imekwenda ikiwa juu, imerudi ikiwa chini, kwa sababu ile ncha iliyofungwa haiwezi kupanda. Ncha ikiwa huru kucheza, mfano ukiifunga kwanza kwa uzi mwembamba mrefu halafu uzi ndio ufungwe dirishani, inarudi bila kupinduka. Swali hili huitwa la kukariri, na si la kukariri hata kidogo ukishaliona mara moja.

Kwenye sauti hoja ni hiyohiyo. Hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, joto likipanda inazidi kidogo, na haijali umepiga kelele au umenong'ona. Ushahidi uko mtaani kwenu: harusi ikipigwa mtaa wa tatu, besi na sauti nyembamba ya mwimbaji zinakufikia zikiwa pamoja. Kama frikwensi kubwa ingekuwa na kasi kubwa, wimbo ungekufikia vipandevipande, mwimbaji mbele na ngoma nyuma. (Kuna mahali frikwensi inagusa kasi kidogo, ndiyo maana mche wa kioo unauchambua mwanga mweupe ukatoa rangi. Lakini hata hapo anayeamua ni kioo, na kwa mtihani wako hilo linakuja kwenye mada ya mwanga tu.)

Sasa lile swali lako la maji, maana ndilo lenyewe. Mawimbi ya hezi 5 yenye urefu wa sentimita 4 yanatoka kwenye kina kirefu yanaingia kwenye kina kifupi, ambako kasi ni sentimita 12 kwa sekunde. Urefu mpya ni upi? Jiulize: chanzo kimebadilika? Hapana, ni kilekile. Basi frikwensi inabaki 5. Mahali pa kupita pamebadilika, kasi imeshuka kutoka 20 (yaani 5 mara 4) hadi 12. Urefu wa wimbi ni 12 kugawa kwa 5, sentimita 2.4. Umemaliza. Frikwensi haiwezi kubadilika mpakani kwa sababu mawimbi matano yanayofika mpakani kila sekunde lazima yawe matano yanayoondoka. Yangekuwa matatu, hayo mawili yamekwenda wapi?

Kuna mfano mmoja mkubwa wa jambo hili ambao sisi wa pwani tunao. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipiga karibu na Sumatra, kwa saa zetu haijafika saa kumi alfajiri. Mchana wa siku hiyo mawimbi ya tsunami yalikuwa yameshafika kwetu, na Dar es Salaam watu walipoteza maisha. Hesabu yake inafanyika kwa kikokotoo cha shule. Wimbi ambalo urefu wake ni mkubwa sana kuliko kina cha maji lina kasi sawa na kipeuo cha pili cha g (mchapuko wa mvutano wa dunia) zidisha kina. Chukua kina cha mita 4,000: 9.8 mara 4,000 ni 39,200, kipeuo chake cha pili ni kama mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hiyo ni mbio ya ndege ya abiria. Sasa tuseme wimbi hilo linapanda na kushuka kila baada ya dakika 20, yaani sekunde 1,200. Urefu wake unakaribia kilomita 240. Ndiyo maana bahari ya kina cha kilomita nne, kwa wimbi kama hilo, ni maji ya kina kifupi, na fomula inakubali.

Likikaribia ufukwe, tuseme kina kimebaki mita 10, kasi inashuka hadi mita 10 hivi kwa sekunde. Dakika 20 zile hazibadiliki, chanzo kilishasema. Kwa hiyo urefu unajikunja kutoka kilomita 240 hadi kama 12. Nishati iliyokuwa imetandazwa kwenye eneo lote lile sasa imesongamana, na njia iliyobaki ni kwenda juu. Huko bahari kuu meli inaweza isilihisi kabisa, ufukweni linabomoa.

Kupinda nako kunatokana na kasi. Msimu wa kusi upepo unavuma kutoka kusini, lakini ukisimama ufukweni utaona mistari ya mawimbi inafika mchangani ikiwa karibu sambamba na ufukwe. Upande wa wimbi unaotangulia kufika kwenye maji mafupi unapunguza mwendo, upande ulio nje bado unakimbia, mstari unageuka. Ni kama safu ya gwaride inayoingia kwenye mchanga mzito kwa mshazari: walioingia kwanza wanachelewa, walio kwenye udongo mgumu wanazunguka. Ukiulizwa kwa nini mwanga unapinda unapoingia kwenye maji, jibu ni hilohilo.

Kuzunguka vizuizi nitasema kifupi. Wimbi linazunguka kizuizi vizuri pale urefu wake unapolingana na ukubwa wa kizuizi au kukizidi. Redio ya FM ya megahezi 100 ina urefu wa mita 3, ukiwa nyuma ya mlima inakusumbua. Redio ya mawimbi ya kati, tuseme ya megahezi 1, ina urefu wa mita 300, na bondeni huko inasikika. Wazee wa milimani Lushoto wanalijua hili bila kusoma fizikia.

Jambo linaloua maksi nyingi kuliko yote hayo ni grafu. Kuna grafu mbili zinazofanana kama mapacha, zote zina mawimbi ya kupanda na kushuka. Moja mhimili wa chini ni umbali, nyingine ni muda. Ya umbali ni picha ya kamba nzima kwa wakati mmoja, na nundu hadi nundu ni urefu wa wimbi. Ya muda ni habari za ule uzi mwekundu peke yake, na nundu hadi nundu ni muda wa mzunguko mmoja. Kabla hujaandika chochote, soma mhimili wa chini. Na ukiona sauti imechorwa kwa mistari ya kupanda na kushuka, usidhani hewa inapanda na kushuka. Hewa inasukumwa mbele na nyuma, kuelekea kulekule sauti inakokwenda. Kilichochorwa ni mgandamizo wake.

Kwa wa kidato cha tano na sita mnaofanya ile praktiko ya bomba la maji na uma wa sauti (uma unaolia unashikwa juu ya mdomo wa bomba, maji yanashushwa polepole hadi bomba lilie kwa nguvu): msichukue urefu wa hewa ndani ya bomba kwenye mlio wa kwanza mkauzidisha kwa nne mkadhani mmepata urefu wa wimbi. Kwa uma wa hezi 512 na kasi ya 340, robo ya wimbi ni sentimita 16.6, lakini mlio wa kwanza utausikia hewa ndani ya bomba ikiwa fupi kidogo kuliko hapo, kwa kuwa wimbi linachungulia nje ya mdomo wa bomba. Endelea kushusha maji hadi bomba lilie mara ya pili, kisha toa urefu wa kwanza kutoka wa pili. Kile kipande cha mdomoni kinajifuta chenyewe kwenye kutoa, na unachobaki nacho ni nusu ya wimbi, sentimita 33 na ushee. Zidisha kwa mbili, halafu kwa 512, na ulinganishe na kasi ya sauti kwa joto la maabara siku hiyo, ambayo ni 331 jumlisha 0.6 kwa kila nyuzi ya Selsiasi.