Miaka ya Wafalme wa Israeli na Maandishi ya Majirani Zao

Biblia haitaji mwaka wowote wa KK. Tarehe za wafalme zinatoka wapi?

Zinatoka kwa majirani. Waashuru waliupa kila mwaka jina la afisa mmoja wa serikali na kuyaandika majina hayo kwa mfululizo. Katika mwaka wa Bur-Sagale orodha hiyo inasema jua lilipatwa, na wataalamu wa falaki wamekokotoa kwamba lilipatwa tarehe 15 Juni 763 KK. Mwaka huo mmoja ukishajulikana, mingine katika orodha huhesabika mbele na nyuma yake.

Kati ya Ahabu na Yehu, wafalme wa Israeli, Ahazia alitawala miaka 2 (1 Wafalme 22:51) na Yoramu 12 (2 Wafalme 3:1). Mbona maandishi ya Waashuru yanaacha miaka 12 tu kati yao?

Jiwe la Kurkh, lenye maandishi ya Shalmaneseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, linamtaja Ahabu katika vita vya Qarqar, mwaka 853 KK, akiwa na askari 10,000 na magari ya vita 2,000 (hesabu ya magari nadhani imetiwa chumvi). Mwaka 841 KK Shalmaneseri huyohuyo alipokea kodi ya Yehu. Ikiwa waandishi wa Israeli waliuhesabu mwaka wa kutawazwa kuwa wa kwanza, ilhali ulikuwa pia wa mwisho wa mfalme aliyetangulia, basi kila utawala una mwaka mmoja wa ziada. Ukiuondoa, 1 na 11 ni 12 kamili. Hata hivyo, hesabu hiyo hailegei hata kidogo: inamlazimu Ahabu awe amekufa mwaka uleule wa Qarqar.

Yehoyakini, mfalme wa Yuda, alitekwa mwaka wa saba wa Nebukadreza, mfalme wa Babeli (Yeremia 52:28), au wa nane (2 Wafalme 24:12)?

Tarihi ya Babeli inasema wa saba, tarehe 2 ya mwezi wa Adari, yaani 16 Machi 597 KK. Wababeli hawakuuhesabu mwaka wa kutawazwa. Anayeuhesabu hupata wa nane.

Je, kila tofauti huisha hivyo?

Hapana. 2 Wafalme 18 inaweka kuanguka kwa Samaria, mji mkuu wa Israeli, katika mwaka wa 6 wa Hezekia, mfalme wa Yuda, na kuja kwa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, katika mwaka wa 14, ilhali Samaria ilianguka yapata 722 KK na Senakeribu alikuja 701 KK, miaka 21 baadaye wala si 8. Wengine husema Hezekia alitawala kwanza pamoja na baba yake, wengine kwamba mnakili aliandika 14 badala ya 24. Sura yenyewe haisemi lolote kati ya hayo, nami sioni sababu ya kulifunga swali hili kwa nguvu.