“Mkalimani anaomba kuuliza”: kwa anayetaka kusomea ukalimani wa hospitalini

Mama mmoja kutoka Fizi, Kivu Kusini, alikuwa akimweleza daktari kwamba tumbo lilianza kumsumbua zamani, wakiwa bado kambini, na kwamba “munganga” alimpa dawa likatulia. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukisema “nilikwenda kwa mganga” ukaishia hapo, mtu anawaza tunguri na mizizi. Nikatafsiri hivyo hivyo: mgonjwa alikwenda kwa mganga wa kienyeji akapewa miti shamba. Daktari akaandika, kisha akaanza kuuliza ni mizizi gani, ilichemshwa vipi, alikunywa vikombe vingapi. Mama akaacha kumtazama daktari, akanigeukia mimi.

“Apana, mutoto wangu. Munganga wa ku hospitali.”

Kwao munganga ndiye daktari. Na hata kwetu Tanzania tuna mganga mkuu wa wilaya, naye ni daktari aliyesomea udaktari, kwa hiyo neno lenyewe lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Nilikuwa nimechukuliwa kazi hapa Lexington, Kentucky, kwa sababu moja tu: najua Kiswahili na najua Kiingereza. Mafunzo sikuwa nayo. Nilirekebisha kosa kwa kubabaika, na sijui hadi leo kama yale maandishi ya kwanza kwenye faili lake yalifutwa yote. Hilo linaniuma bado, na ndilo lililonipeleka darasani.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napata ujumbe kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani wakiuliza jinsi ya kuingia kwenye kazi hii. Wengi wanauliza juu ya cheti. Cheti nitakieleza, lakini kitu kikubwa nilichopewa na mafunzo ni ruhusa ya kusimamisha mazungumzo na kuuliza, pamoja na maneno ya kuulizia. “Mkalimani anaomba kuuliza.” Unajitaja kama mtu wa tatu ili daktari ajue kwamba anayesema sasa ni wewe, si mgonjwa. Kisha unamgeukia mgonjwa unamwambia kwamba umeomba kumuuliza maana ya neno fulani, unauliza, unarudi kwa daktari na jibu. Hakuna anayeachwa gizani. Kabla ya kufundishwa hilo nilidhani kuuliza ni kukiri kwamba lugha sijui, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha. Siku nyingi nilibahatisha sawa, na ndiyo maana nilichelewa kuona hatari yake.

Kiswahili chenyewe kinakulazimisha kuuliza, hata kama unayemtafsiria mmetoka mtaa mmoja. Mgonjwa akisema mkono unauma, ni kiganja au ni kuanzia begani? Kiingereza kina neno kwa kila kimoja, sisi tuna mkono. Mguu ni vile vile. Hapo omba aoneshe kwa kidole. Akisema “mama yangu alikuwa na sukari,” na daktari anatafuta magonjwa ya kurithi, inabidi ijulikane ni mama mzazi au mama mkubwa. “Nasikia” ni ya masikio, lakini pia tunasikia baridi, tunasikia kizunguzungu, tunasikia uchungu. Kwa daktari wa magonjwa ya akili tofauti hiyo inaweza kubadilisha matibabu yote.

Na kuna neno moja lililonitetemesha: “alinipiga.” Dada mmoja alilisema kwa sauti ya chini sana mbele ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kiingereza kilikuwa kinanidai niseme mwanamume au mwanamke, na kinywa changu kilishaanza kusema mwanamume. Mume, bila shaka. Nikajizuia, nikaomba kuuliza. Alikuwa ni wifi yake waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja. Fikiria ningemtaja mume.

Saa nazo zisikutanie. Dawa ya kunywa saa nane asubuhi kwa hesabu ya Kizungu ni ya saa mbili kwetu. Mkalimani aliyechoka hutafsiri namba akaacha saa, na mgonjwa anakwenda kumeza kidonge saa nane usiku. Mimi humwomba daktari amwambie mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe: utakunywa lini, jua likiwa wapi? Daktari wengi wanapenda, maana wao nao wamefundishwa kufanya hivyo.

Sasa mafunzo yenyewe. Kozi ya msingi kwa Marekani ni ya saa 40. Hiyo ndiyo idadi inayotakiwa na CCHI, moja ya taasisi zinazotoa vyeti vya ukalimani wa afya. Masharti yao mengine ni kuwa umefikisha miaka 18, una cheti cha sekondari, na una uthibitisho kwamba lugha zote mbili unazimudu. Mtihani wao wa kutafsiri kwa mdomo upo kwa Kihispania, Kiarabu na Kimandarini. Sisi wa Kiswahili tunafanya ule wa maarifa, CoreCHI, ambao unaandikwa kwa Kiingereza: maadili, taratibu za kazi, mambo ya hospitali. Usiudharau kwa kuwa hauna Kiswahili ndani. Walioko Uingereza wana njia yao, diploma ya ukalimani wa huduma za umma iitwayo DPSI, na Australia wanapita NAATI, mamlaka ya kuidhinisha wakalimani na watafsiri.

Darasani utafundishwa kusema kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema “naumwa,” nawe unasema naumwa, si “anasema anaumwa.” Wiki ya kwanza ulimi unakataa kabisa. Utafundishwa ukae wapi (mimi hukaa karibu na mgonjwa, nyuma kidogo, ili yeye na daktari watazamane), utafundishwa kuandika vidokezo na kuvichana kabla hujatoka, na kutafsiri papo hapo karatasi ya ridhaa unayoiona kwa mara ya kwanza. Utafundishwa pia kutoongeza wala kupunguza. Hapo ndipo wengi wetu tunapata shida, kwa sababu tumelelewa kumsaidia mkubwa. Mzee hajaelewa, unatamani umweleze wewe. Acha. Mwambie daktari kwamba inaonekana maelezo hayajaeleweka, aeleze upya.

Kitu ambacho hakuna darasa litakalokupa ni Kiswahili cha yule aliye mbele yako. Wakongomani wengi tunaowahudumia hapa wamepita Nyarugusu kule Kigoma, wengine kambi za Burundi, Uganda au Rwanda, na kila mmoja amebeba maneno ya njia aliyopita. Tarehe atakutajia kwa Kifaransa. Vidonge ataviita vinini. Nilianza daftari langu baada ya yule mama wa Fizi na bado naliandika: ukurasa mmoja wa maneno yao, ukurasa wa pili wa viungo vya mwili ambavyo hata sisi wa pwani tunavisahau, kongosho, bandama, kibofu cha nyongo. Na katika ile dakika moja ya utangulizi kabla ya mazungumzo, baada ya kusema kwamba kila kitakachosemwa nitakitafsiri na hakitatoka nje, huwa naongeza: “Kiswahili changu ni cha Tanzania. Nikisema neno usilolielewa, nikatize. Na mimi nisipoelewa, nitakuuliza.” Wazee hulegea mabega wakisikia hivyo.

Kwa mazoezi ya nyumbani, fungua taarifa ya habari ya redio, idhaa yoyote ya Kiswahili, sikiliza sentensi mbili, zima, zirudie kwa Kiingereza kwa sauti. Kesho tatu. Fanya kinyume pia, kwa sababu wengi wetu Kiingereza cha kusikiliza ni kizuri kuliko cha kusema.

Na tafadhali, usimwache mtoto afanye kazi hii. Kabla sijaajiriwa popote nilikaa kwenye chumba cha kusubiri nikamsikia binti, sidhani kama alikuwa amefika miaka 12, akitafuta neno la Kiswahili la uvimbe uliokuwa umeonekana kwenye titi la mama yake. Hakulipata. Akasema “kitu kibaya,” akaanza kulia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo msingi wa kudai mkalimani katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, bila mgonjwa kulipa, na kanuni za afya za 2016 zilikataza kutegemea watoto isipokuwa kwenye dharura. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyohimiza huduma za lugha ilifutwa Machi 2025, lakini ile sheria ya 1964 ipo pale pale. Waambie jirani zako waombe mkalimani wakati wanapanga miadi, wasisubiri siku yenyewe.

Kuhusu malipo, uliza mapema kama kampuni inalipa kwa saa au kwa dakika, na kama mgonjwa asipofika wewe unalipwa.

La mwisho ni usiri, na kwetu lina uzito wa pekee kwa sababu jamii ya Waswahili hapa ni ndogo. Mtu niliyemtafsiria habari ya saratani Jumanne, Jumapili namkuta kwenye harusi, na aliyekaa kati yetu ni dada yake asiyejua lolote. Kukimbilia kumuuliza “vipi, unaendeleaje?” ni kumfichua. Siku hizi nasubiri anisalimie yeye kwanza. Akinipita kana kwamba hanijui, nami nampita.