Novello niliyoitunza miaka yote hii imeiva?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Bologna, kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa hapa. Novemba 2021 mwanawe alinipa zawadi ya chupa ya mvinyo mwekundu, imeandikwa Novello. Sikuinywa. Niliiweka juu ya kabati la jikoni, maana nimekua nikisikia kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Sasa Jumamosi ya pili ya Novemba nina wageni wanane. Nitapika pilau ya nyama ya ng'ombe, na bibi ameahidi kutukaangia uyoga wa porcini. Je, chupa yangu imeshaiva? Na ninunue nyekundu zipi nyingine za Kiitalia zinazofaa vuli hii kwa euro 60? Kuna duka hapa jirani lina Dolcetto ya 2001 kwa euro 55, na muuzaji ananihimiza niiwahi kabla haijachukuliwa.

JIBU: Marahaba, dada. Chupa yako imekufa. Ilikufa zamani, pengine kabla hata ya kufika vuli iliyofuata, na joto la jiko limeizika.

Samahani kama nimeanza kwa ukali. Nauza mvinyo hapa Torino, na kila majani yanapoanza kupukutika swali hili linaingia dukani likiwa limevaa koti jipya: chupa ya harusi, chupa ya zawadi ya Krismasi, chupa aliyoiacha marehemu mjomba. Hadithi ni ile ile. Mtu kapewa kitu kizuri, kakinyima koo lake kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo iliyokiharibu.

Novello, jina lenyewe linakuambia: ni mvinyo mpya. Sheria ya Italia inauruhusu kuanza kuuzwa tarehe 30 Oktoba ya mwaka ule ule zabibu zilipochumwa. Sehemu ya zabibu hizo, isiyopungua asilimia 40, huingizwa nzima nzima, hazijakamuliwa, kwenye tangi lililofungwa na kujazwa hewa ya kaboni dioksaidi. Kuchachuka kunaanzia ndani ya punje, ngozi ikiwa haijapasuka. Unachopata ni harufu ya matunda iliyojaa puani, rangi ya zambarau, na tanini kidogo sana. Tanini ni ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyochemka mno au ndizi mbichi. Sasa, tanini na uchachu ndizo nguzo zinazoushikilia mvinyo usimame miaka. Novello umejengwa bila nguzo kwa makusudi, ili unywewe mapema, baridi haijaisha.

Na hapa ndipo penye kosa linaloniumiza kichwa. Watu wanaamini umri ni kitu ambacho mvinyo unakipokea tu, kama mtoto anavyorefuka. Si hivyo. Ndani ya chupa kuna mambo mawili yanayokimbizana. Harufu ya matunda inapungua kila mwaka, haina inakotoka nyingine. Wakati huo huo tanini zinashikamana, zinakuwa nzito, zinazama chini kama mashapo, ukakasi unalainika, na harufu mpya zinajitokeza: ngozi, tumbaku, majani makavu, udongo uliolowa. Mvinyo wenye tanini nyingi na uchachu wa kutosha unapata faida katika biashara hiyo. Usio nazo unapoteza matunda na haupati chochote badala yake. Sehemu kubwa kabisa ya mvinyo mwekundu unaouzwa Italia ni wa kundi hili la pili, na waliotengeneza walitaka iwe hivyo.

Hata ile michache inayostahili kungoja, sehemu ya kungoja umeshafanyiwa. Barolo, mvinyo mwekundu wa mkoa wetu wa Piemonte, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 38, na angalau 18 kati ya hiyo iwe kwenye mapipa ya mbao. Brunello di Montalcino, nyekundu ya Toscana, haitoki hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Mtengenezaji amekaa na mali yake ghalani, pesa zake zimelala, ili wewe usilazimike kuwa na ghala. Ukinunua Barolo leo na kuiweka miaka kumi mahali penye giza, nyuzi 12 hadi 14 bila kupandapanda, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke, utashukuru. Ukiiweka juu ya kabati la jikoni, juu kabisa kunakopanda mvuke wa sufuria, hata Barolo haitakusamehe.

Nije kwa huyo muuzaji wako. Dolcetto ni zabibu ya huku kwetu Piemonte. Jina lake maana yake ni kama “katamu”, ingawa mvinyo wenyewe ni mkavu, hauna sukari, na wateja wengi hunirudia wakilalamika kwamba nimewadanganya. Uchachu wake ni mdogo. Watu wa vilima vya Langhe huinywa na chakula cha kila siku wakati Barolo ikiendelea kulala. Dolcetto nyingi ni za kumalizwa ndani ya miaka miwili mitatu, na zile nzito za Dogliani huvumilia zaidi ya hapo kidogo. Sasa mtu anakuuzia ya 2001 kwa euro 55! Hiyo ni bei ya Barolo ya kuheshimika. Ningekuwa na lugha laini ningesema amekosea. Lakini anayekuhimiza uiwahi anajua fika ni bidhaa iliyomdodea, na mwaka ulioandikwa pale ndiyo hila yake yote.

Kwa euro 60 fanya hivi. Kwa pilau chukua Barbera d'Asti, mbili, utalipa kama euro 10 kila moja. Ina uchachu mkali na tanini chache, kwa hiyo inakata mafuta ya nyama bila kugombana na karafuu, mdalasini na bizari. Wengi wangekuambia pilau ni chakula kizito, kwa hiyo tafuta mvinyo mzito. Jaribu basi tanini kali juu ya karafuu: kinywa kinakuwa kama umetafuna gome la mti. Amarone usiiguse siku hiyo. Ni mvinyo wa zabibu zilizoanikwa miezi kadhaa hadi zikasinyaa, pombe yake haishuki chini ya asilimia 14, na ukichanganya na viungo vya pwani wageni wako watahisi moto kifuani.

Porcini ni habari nyingine. Uyoga ule unataka harufu ya udongo, na kwa hilo hakuna kama Nebbiolo, zabibu ile ile ya Barolo, inayochelewa kuiva hadi ukungu wa Oktoba unaposhuka mabondeni. Barolo yenyewe ingekumalizia bajeti, lakini Langhe Nebbiolo utaipata kwa euro 15 hivi, tena ni nyepesi na iko tayari. Kama huipendi rangi yake hafifu (watu huidharau kwa sababu inapitisha mwanga, wanadhani imechanganywa maji), chukua Rosso di Montalcino, mdogo wake Brunello.

Na uko Bologna, dada! Lambrusco, nyekundu yenye mapovu ya mkoa wako, iko mlangoni kwako. Fungulia wageni kwa Lambrusco di Sorbara, kavu, yenye mapovu, imetoka kwenye friji, pamoja na mortadella, au vipande vya jibini la Parmigiano kwa wasiokula nguruwe. Waitaliano wenyewe wa mikoa mingine huicheka Lambrusco kwa sababu ya ile tamutamu ya bei rahisi iliyojaa madukani. Waache wacheke.

Chenji inayobaki nunua Novello. Ya mwaka huu. Siku yako iko karibu na San Martino, tarehe 11 Novemba, na msemo wa huku ni kwamba siku hiyo kila maji ya zabibu hugeuka mvinyo. Huliwa njugu za chestnut zilizochomwa, na Novello hunywewa baridi kidogo, nyuzi 13 au 14. Hizo nyingine, Barbera na Nebbiolo, zitoe kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Ile habari ya “joto la chumba” ilitoka kwenye nyumba za mawe zisizo na hita, si sebule yako ya nyuzi 22.

Ya zamani ukiitaka kweli, siku moja, nunua kwa mtu anayeweza kukuambia ilikuwa inalala wapi. Tazama usawa wa mvinyo shingoni: ukishuka hadi mabegani mwa chupa, hewa imeingia. Na usidhani udanganyifu ni wa maduka ya uchochoroni tu. Oktoba 2020 polisi wa fedha wa Italia walifichua genge lililokuwa likitengeneza Sassicaia bandia ya miaka iliyopita, moja ya mvinyo ghali wa Toscana. Ndani ilikuwa mvinyo wa Sicilia, chupa zilitoka Uturuki, lebo na makasha Bulgaria. Hata zile karatasi laini za kufungia chupa waliziiga. Mnunuzi alikuwa anaangalia mwaka, na mwaka ndio ulioandikwa vizuri kuliko vyote.

Mtandaoni ndiko balaa. Kuna watu kazi yao ni kukusanya chupa za marehemu kwenye magaraji, kuzipangusa vumbi, na kuziuza kama “mwaka wa kuzaliwa kwa mwanao”. Hawasemi ni mvinyo gani, wanasema mwaka tu. Mwaka jana kaka mmoja wa Tabora aliniletea Barbera ya 1999, mwaka aliozaliwa bintiye, ya kufungua harusini. Alilipa euro 120. Nilimwomba tuijaribu kwanza, tukaifungua pale pale kaunta. Kizibo kilivunjika mara mbili. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi, harufu ya gunia lililolowa. Alionja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akaniuliza kama tukiifunga vizuri na kuiacha miaka mingine mitano, itarudi.