Jibu: wanawake kupeleka barua vijijini wakati wa vita

Ndiyo dada, umeuliza kama wanawake walipeleka barua vijijini wakati wa vita: walikuwepo. Uingereza walikuwepo hata kabla ya vita vya 1914–1918, ila wanaume walipokwenda vitani ndipo wakawa wengi, kwa miguu au baiskeli, begi begani, mvua isiwe kisingizio. Sisi wa Newala, kusini mwa Tanzania, tuliozoea kuitwa majina mstarini shuleni ili tukabebe barua za wazee, kuletewa mlangoni ni anasa!

Lakini fikiria uzito wake. Familia ya ofisa ilipata taarifa ya kifo kwa telegramu. Ya askari wa kawaida ililetewa fomu tu ndani ya bahasha, kwa posta ya kawaida. Kwa hiyo mama mpeleka barua angeweza kubeba msiba wa jirani yake bila kuufungua. Vita vilipoisha, wengi waliwapisha wanaume. Na sharti la kuacha kazi posta ukiolewa lilifutwa 1946 tu.

Kwetu huku, mfano wa karibu ni wanawake wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kikosi chao cha 1967. Wao walivusha mizigo ya vita ng'ambo ya Ruvuma, kichwani.