Sanrufu ya mtumba: ulikate paa mwenyewe au umwachie fundi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 ambayo haikuja na sanrufu, yaani kile kioo cha juu ya paa kinachofunguka. Hapa Gerezani, Dar es Salaam, nimeonyeshwa sanrufu iliyotolewa kwenye Mark X iliyopata ajali, na muuzaji yuko tayari kuniuzia kioo, fremu na mota kwa bei ninayoimudu. Nina drili na msumeno wa umeme, na matengenezo madogo ya gari langu huyafanya mwenyewe. Je, nilikate paa na kuifunga kwa mikono yangu, au nitafute mafundi wa kazi hiyo?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu yetu wa Tabata, kabla ya kuamua nani atashika msumeno, ninakuomba usiinunue sanrufu hiyo. Gari lako haliifai, hata kama itafungwa na fundi hodari kuliko wote mjini.

Fremu ya sanrufu ya kiwandani hupindwa kufuata mpindo wa paa la aina moja tu ya gari. Mark X ni saluni pana yenye paa refu lililolala, ilhali IST ni gari fupi ambalo paa lake lina umbo jingine kabisa. Fremu ngumu ikikalishwa juu ya bati lenye mpindo tofauti, itagusa sehemu chache na kuacha uwazi kwingineko, na hapo ndipo fundi asiyejali huchukua silikoni na kuujaza. Silikoni ya kawaida ya madukani, ile yenye harufu kali ya siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanza kulila bati pale pale lilipokatwa na kubaki bila rangi. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, kutu haihitaji msaada wa namna hiyo.

Jambo la pili ni maji, na ndilo linaloharibu magari mengi. Wengi huamini kwamba mpira unaozunguka kioo ndio unaozuia mvua isiingie, kumbe kazi yake ni kupunguza tu. Maji yanayopenya hupokewa na mfereji uliomo ndani ya fremu, kisha hushuka kwa mipira myembamba, kwa kawaida minne, inayopita ndani ya nguzo za mbele kando ya kioo kikubwa na ndani ya nguzo za nyuma, hadi nje chini ya gari. Muuzaji wako amekutajia kioo, fremu na mota, lakini hakutaja mipira hiyo, swichi, soketi za nyaya wala dari ya ndani yenye tundu, na gari lako halikuandaliwa njia za kuipitisha. Mpira ukiishia ndani ya nguzo badala ya nje, maji yote ya masika yatamwagika chini ya zulia, mahali ambapo nyaya nyingi zimelazwa, na utaanza kutafuta tatizo la umeme ambalo chanzo chake kiko juu ya kichwa chako.

Tatu, paa ni sehemu ya nguvu ya gari. Bati lenyewe halifikii unene wa milimita 1. Kinacholisaidia ni mataruma ya chuma yanayopita chini yake kutoka upande hadi upande. Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 2009 inataka paa la gari dogo lihimili nguvu ya mara 3 ya uzito wa gari lisilo na mzigo, kwa sababu gari linapobiringika ni paa hilo linalosimama kati ya abiria na barabara. Kiwanda kinachoweka sanrufu huzungushia tundu lake fremu ya kuliimarisha. Anayekata taruma nyumbani kwa msumeno bila kurudisha kitu cha kulifidia amewapunguzia kinga watu anaowapenda, na hakuna mtu atakayeona kasoro hiyo hadi siku ya ajali.

Sasa, kama hamu yako ya sanrufu haijaisha, na sioni ubaya kuwa nayo, kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kutafuta gari la aina na toleo lile lile la lako, lililotoka kiwandani na sanrufu na sasa linachinjwa kwa ajili ya spea, kisha kuhamisha bati lote la paa pamoja na mataruma, fremu, mipira na dari. Kazi hii inataka vioo vya mbele na nyuma vitolewe, sehemu zilizochomelewa zifunguliwe moja moja na bati jipya lichomelewe kwa vipimo. Hiyo si kazi ya kufanyia uani. Ni ya fundi wa bodi mwenye mashine na uzoefu, akishirikiana na fundi umeme.

Ya pili ni sanrufu ndogo isiyo ya kiwandani, ile ambayo kioo chake huinuliwa kwa mkono upande wa nyuma, haina mota, na hushikwa kwa fremu mbili zinazobana bati na dari kwa skrubu. Hii unaweza kuifunga mwenyewe, mradi tundu lake litoshe kati ya mataruma bila kuligusa hata moja na fremu ilale sawasawa juu ya bati. Nunua mpira mpya wa kuzunguka kioo, kwa kuwa wa mtumba huwa umekauka. Kabla ya kushusha dari, chunguza kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, ambayo hukunjwa juu ya milango. Ikiwapo, usiguse, hiyo ni kazi ya fundi anayeijua. Pembe za tundu zikatwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Usitumie grainda: cheche zake huunguza rangi na kuganda kwenye vioo, na joto lake hulipinda bati. Ukingo uliokatwa upakwe praima (rangi ya msingi) na rangi kabla ya kufunga chochote, na badala ya silikoni tumia gundi ya poliurethani, kama ile ya kubandikia vioo vya mbele.

Ukiamua kumpa fundi, omba akuonyeshe gari alilolifunga ambalo limeshapita msimu mzima wa mvua, umuulize mwenyewe wa gari hilo, na mwandikiane kwamba likivuja atalirudia. Kama una bima kubwa, ijulishe kampuni yako kabla paa halijakatwa.

SWALI: Nilinunua Subaru Forester yenye sanrufu ya kiwandani, na mvua ikinyesha zulia la mbele linalowa. Fundi anataka kukiziba kioo kizima kwa silikoni. Nimkubalie?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usimkubalie. Kwa dalili hizo, la kuchunguza kwanza ni mipira ya kutolea maji, ambayo huziba kwa vumbi na majani. Fungua sanrufu, mimina kikombe cha maji taratibu kwenye kona ya mbele ya mfereji, kisha mwambie mwenzako aangalie kama yanatoka chini ya gari upande huo huo. Rudia upande wa pili. Yasipotoka, pitisha mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ukiusukuma polepole hadi uchafu uachie. Watu wa gereji hupenda kupuliza kwa upepo wa kompresa, lakini upepo mkali unaweza kuuchomoa mpira kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na hapo itabidi dari ishushwe. Maji yakitoka vizuri pande zote na zulia bado likalowa, mwambie fundi akague pembe za kioo cha mbele na tundu la kuingizia hewa chini yake kabla hajaigusa tena sanrufu.