Kabla ya Kuandika Gemu ya Bao, Kaa Barazani

Mwanafunzi mwenzangu wa sayansi ya kompyuta unayetafuta wazo la mradi, nakushauri utengeneze kitu ambacho watu wa karibu nawe wanakijua kukuzidi. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa gemu ya mbio za magari, na sina mengi ya kusema juu yake: kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4 ilishindwa kuibeba, wala hapakuwa na mtu wa kunieleza nilipokosea. Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani Mikindani, nikaanza kuandika bao la Kiswahili kwa kutumia Godot, injini ya gemu isiyolipiwa.

Nilidhani bao nalijua. Mashimo ni 32, kete ni 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hayo niliyamaliza kwa jioni moja. Niliongeza ukaguzi mdogo ambao hadi leo nauthamini: kila baada ya hatua, programu ilijumlisha kete za ubaoni na za mikononi, na jumla isipokuwa 64 ilisimama papo hapo. Ndivyo nilivyoinasa kete iliyokuwa ikipotea kila mchezaji alipofika kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na kugeukia safu ya nyuma.

Kosa lililofuata, hata hivyo, halikugusa jumla ya kete, na lilinaswa barazani. Nilimpa mjomba wangu simu. Akanamua, yaani akaingiza ubaoni kete ya mkononi, akala, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na programu ikaikomba nyumba yote na kuendelea kusambaza.

“Mjomba,” akaniambia huku akinirudishia simu, “mbona inanivunjia nyumba bila kuniuliza? Mimi nilitaka kulala.”

Alikuwa na haki, kwani katika hatua ya kunamua, mchezaji anayefikia nyumba yake kwa namna hiyo huamua mwenyewe kama atalala, yaani atasimama hapo, au ataendelea. Mimi nilikuwa nimeandika usambazaji wote kama kitanzi kimoja kinachozunguka hadi mwisho bila kumsubiri mtu, kwa hiyo sharti hilo moja lilinilazimu kukivunja vipande vipande ili mchezo uweze kusimama katikati, uulize, kisha uendelee pale ulipoishia. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na ingekuwa saa chache tu kama ningeuliza wazee kabla ya kuandika mstari wa kwanza. (Tumia Git, programu ya kutunza nakala za kila badiliko, tangu siku ya kwanza, mimi nilipoharibu kitanzi hicho, sikuwa na nakala ya kurudia.)

Jambo jingine ambalo kompyuta yako haitakuonyesha ni simu inayoingia katikati ya mchezo. Programu inapoachwa nyuma, Android inaweza kuifunga ili kupata nafasi, hasa kwenye simu zenye RAM ndogo, na mchezaji akirudi hukuta ubao mpya. Hifadhi hali ya mchezo kila baada ya hatua, usisubiri mchezaji atoke.

Kuhusu Play Store, ada ya kujisajili ni dola 25, inayolipwa mara moja, nami bado sijailipa. Kwa sasa natuma kwa WhatsApp faili la APK, lile la kusakinishia programu kwenye Android, kwa sababu gemu bado: mjomba anasema kwamba kwenye mtaji, hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha, mpinzani wa kompyuta niliyemwandika anacheza kama mtoto, na hilo ndilo ninaloshughulika nalo sasa.